Bima ya nyongeza nikifikisha miaka 65: Medigap au Medicare Advantage, kwa mtu anayetaka kukaa Tanga miezi kadhaa kila mwaka?

Mpwani_Houston (6 Septemba 2025)

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki tatu sasa, nalo ni uchaguzi wa bima ya afya nitakapostaafu.

Nimeishi Houston tangu mwaka 1999, nimefanya kazi za ghala kwa miaka mingi na kodi zote nimelipa, kwa hiyo nimeelezwa kwamba Sehemu A ya Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi; Sehemu A ni ya kulazwa hospitalini) nitaipata bila ada ya mwezi. Tarehe yangu ya kuzaliwa katika pasipoti ni 1 Januari 1961. (Wenzangu wa rika langu wanajua tarehe hizi zilivyopatikana: mama alikumbuka mwaka na msimu wa mvua, na karani akajaza yaliyobaki.) Nina kisukari kwa mwaka wa kumi na moja, natumia insulini, na nina shinikizo la damu ambalo vidonge vinalidhibiti vizuri. Mke wangu ana miaka 61 na anatumia bima ya kazini kwangu.

Wakala wa bima niliyempigia simu amenishauri nichukue mpango wa Medicare Advantage (Medicare inayotolewa kupitia kampuni binafsi) ambao hauna ada ya mwezi, na ambao unagharimia meno, miwani na hata uanachama wa ukumbi wa mazoezi. Rafiki yangu wa msikitini, ambaye alistaafu mwaka jana, ananisihi ninunue Medigap (bima ya nyongeza inayolipa gharama ambazo Medicare humwachia mgonjwa), Mpango G, ambao kwa umri wangu nimepewa bei ya dola 142 kwa mwezi. Juu yake kuna ada ya Sehemu B (ya madaktari na matibabu yasiyo ya kulazwa), ambayo mwaka huu wa 2025 ni dola 185 kwa mwezi, na kuna bima ya dawa. Kwa mtu atakayeishi kwa pensheni, dola 142 kila mwezi si fedha ndogo, na mke wangu anauliza, kwa haki kabisa, kwa nini tulipie kitu ambacho mwingine anatupa bure.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, tofauti ya kweli kati ya njia hizi mbili ni ipi mtu anapougua sana, si anapokuwa mzima? Pili, nimepanga kukaa Tanga miezi minne au mitano kila mwaka. Je, bima hizi zinanifuata? Tatu, nikianza na ile isiyo na ada, ninaweza kuhamia Medigap baadaye nikiona hainifai?

Muuguzi_Mstaafu (6 Septemba 2025)

Kaka yangu Mpwani, salaam. Nimefanya kazi ya uuguzi katika hospitali za Ohio kwa miaka 24 na nimestaafu miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo mambo haya nimeyaona nikiwa mhudumu na sasa ninayaona nikiwa mgonjwa. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu uamuzi huu ni mmoja kati ya machache ambayo huwezi kuyarekebisha kirahisi baadaye.

Nianze na tarehe, maana ndizo zinazowaponza wengi. Mtu aliyezaliwa tarehe mosi ya mwezi huhesabiwa kwamba ametimiza umri siku moja kabla, yaani wewe, kwa kumbukumbu za serikali, utatimiza miaka 65 tarehe 31 Desemba 2025, na Medicare yako inaweza kuanza tarehe 1 Desemba 2025, si Januari. Kipindi chako cha kujiandikisha ni cha miezi saba. Kimeshaanza mwezi huu wa Septemba na kitaisha mwisho wa Machi 2026. Asiyejiandikisha Sehemu B kwa wakati, na ambaye hana bima ya kazini inayomlinda, huongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi kumi na miwili kamili aliyochelewa, na kwa kawaida nyongeza hiyo humfuata muda wote atakaokuwa na Sehemu B.

Sasa swali lako la kwanza. Medicare ya asili, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, haigharimii kila kitu. Mwaka huu wa 2025, ukilazwa unajilipia dola 1,676 kwanza, na kiasi hicho si cha mwaka. Ni cha kila kipindi cha ugonjwa, kwa hiyo mtu aliyelazwa Februari na kulazwa tena Septemba anaweza kukilipa mara mbili. Ukikaa hospitalini kupita siku 60, unachangia dola 419 kwa kila siku kuanzia siku ya 61 hadi ya 90. Kwa madaktari, vipimo na matibabu yasiyo ya kulazwa, yaani Sehemu B, unajilipia dola 257 za kwanza kwa mwaka, kisha asilimia 20 ya kila bili iliyoidhinishwa, na asilimia hiyo haina kikomo. Nimewauguza watu waliokuwa wakipata dawa za saratani kwa dripu bila kulala hospitalini. Matibabu yaliyoidhinishwa kwa dola 60,000 humwachia mgonjwa wa aina hiyo deni la dola 12,000, na mwaka unaofuata hesabu huanza upya.

Medigap imewekwa ili kuziba mianya hiyo. Tangu mwaka 1992 mipango yake imepewa herufi na yaliyomo yamewekwa na sheria, kwa hiyo Mpango G wa kampuni moja hulipia yaleyale ambayo Mpango G wa kampuni nyingine hulipia. (Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zina utaratibu wao, Texas inafuata herufi.) Mipango C na F, ambayo wazee wetu wengi wanayo, haiuzwi kwa aliyestahiki Medicare kuanzia 1 Januari 2020, kwa hiyo kwako wewe mazungumzo yatakuwa hasa kati ya G na N. Mpango G unakuachia zile dola 257 za mwaka, na baada ya hapo huduma yoyote inayokubaliwa na Medicare hulipiwa yote. Mpango N una ada ndogo zaidi, lakini utachangia hadi dola 20 kwa kumwona daktari, hadi dola 50 ukienda chumba cha dharura bila kulazwa, na hautalipia ile nyongeza ya hadi asilimia 15 ambayo madaktari wachache wasiokubali bei ya Medicare wanaruhusiwa kuidai. Hakuna hata mmoja kati yake unaolipia meno, miwani, vifaa vya kusikilizia au matunzo ya muda mrefu ya uzeeni, na dawa zako utazikatia Sehemu D, yaani bima ya dawa, kando. Kwa insulini usihofu sana: tangu 2023 mgonjwa aliye katika Sehemu D halipi zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa kila aina ya insulini iliyo katika orodha ya mpango wake, na mwaka huu wa 2025 mgonjwa hajilipii zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa dawa zote zilizo katika orodha hiyo.

Kwa kuwa yaliyomo yanafanana, unacholinganisha ni bei na namna bei itakavyopanda. Kuna kampuni zinazotoza watu wote wa eneo moja bei moja bila kujali umri, kuna zinazotumia umri uliokuwa nao siku uliponunua, na kuna zinazopandisha bei kadiri unavyozeeka. Aina hii ya tatu mara nyingi huwa rahisi ukiwa na miaka 65 na nzito ukiwa na 80. Usikubali kuambiwa bei ya leo peke yake. Omba waandike ni aina gani kati ya hizo, na kiwango walichopandisha katika miaka mitano iliyopita.

Medicare Advantage si bima ya nyongeza, ingawa mara nyingi hutangazwa bega kwa bega na zilizo za nyongeza. Ni njia nyingine ya kuipokea Medicare yenyewe kupitia kampuni binafsi. Ada ya Sehemu B utaendelea kuilipa. Kule kusema mpango hauna ada ya mwezi maana yake ni kwamba hauongezi ada nyingine juu ya hiyo. Kampuni ina mtandao wake wa madaktari na hospitali, na kwa huduma nyingi kubwa inataka kibali cha awali kabla daktari hajaendelea. Faida yake ni kwamba ina kikomo cha mwaka cha fedha utakazojilipia, ambacho kwa 2025 hakiruhusiwi kuzidi dola 9,350 kwa huduma za ndani ya mtandao. Kwa hiyo mkeo anapoambiwa ni bure, ajue kwamba mwaka wa ugonjwa mkubwa anaweza kuitwa kutoa maelfu, na mwaka unaofuata tena.

Swali lako la tatu ndilo zito kuliko yote, na ningetamani kila mtu wetu anayekaribia miaka 65 alisome jibu lake. Una miezi sita tu, kuanzia mwezi ambao una miaka 65 na Sehemu B imeanza, ambamo kampuni yoyote ya Medigap inayouza katika jimbo lako hairuhusiwi kukukataa wala kukuongezea bei kwa sababu ya ugonjwa. Baada ya hapo, Texas na majimbo mengi yanairuhusu kampuni iulize historia ya afya yako na ikukatae, na mtu anayetumia insulini ni miongoni mwa wanaokataliwa mara nyingi. New York na Connecticut zinawaruhusu watu kununua wakati wowote, na majimbo mengine machache yana kinga za namna yake, lakini Texas haimo. Ipo haki moja ya majaribio: aliyejiunga na Advantage pale alipostahiki Medicare kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 65 anaweza kutoka ndani ya miezi kumi na miwili ya mwanzo na kununua Medigap bila kuulizwa afya. Ukivuka mwaka huo, kurudi Medicare ya asili kunawezekana kila vuli, kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba, lakini Medigap haitakuwa na wajibu wa kukupokea.

Kwa maradhi uliyoyataja, mimi ningenunua Medigap ndani ya ile miezi sita. Sisemi hivyo kwa sababu Advantage ni mbaya. Nasema hivyo kwa sababu mlango mmoja unabaki wazi maisha yote na mwingine unafungwa.

Safari_ya_Kilindini (7 Septemba 2025)

Mzee Mpwani, shikamoo. Dada yetu muuguzi amefafanua vizuri, nami nitajibu swali la pili peke yake, kwa sababu ndilo nililolilipia kwa fedha yangu. Ninaishi karibu na Atlanta, nina Mpango G, na kila mwaka mimi na mke wangu huenda Mombasa.

Medicare ya asili kwa kawaida haigharimii matibabu nje ya Marekani. Tanga au Mombasa, kadi yako ni karatasi tu. Mpango G na Mpango N zina kipengele cha dharura za safarini, na kipengele hicho kina masharti manne ambayo yafaa uyaandike mahali utakapoyaona. Unajilipia dola 250 za kwanza kwa mwaka. Bima inalipa asilimia 80 ya kinachobaki. Kikomo chake ni dola 50,000 kwa maisha yako yote. Na dharura lazima ianze ndani ya siku 60 za mwanzo za safari. Mipango A, B, K na L ya Medigap haina kabisa kipengele hiki.

Miaka miwili iliyopita, siku ya 19 ya safari yetu, nilipata nimonia na nikalazwa siku nne katika hospitali binafsi Mombasa. Nililipa yote kwanza, kwa sababu hospitali ya huko haina uhusiano wowote na bima ya Marekani. Bili ilikuwa sawa na dola 3,250. Nilirudi na risiti, orodha ya kila huduma na bei yake, na ripoti ya daktari yenye muhuri, nikajaza fomu ya madai, na baada ya miezi mitatu nikarudishiwa dola 2,400, ambayo ni asilimia 80 ya 3,000. Mwaka uliofuata mke wangu alianguka bafuni na kuvunjika mkono. Tulikuwa tumeongeza muda kwa ajili ya harusi ya mpwa wetu, na siku hiyo ilikuwa ya 74. Madai yalikataliwa yote, na barua ilikuwa sahihi kisheria. Kosa lilikuwa letu la kutohesabu siku.

Kwa hiyo kwa mpango wako wa miezi mitano, Medigap itakulinda kwa miezi miwili ya kwanza tu. Kwa siku zinazobaki utahitaji bima ya safari ya kando, au bima binafsi ya Tanzania. Ukichagua hii ya pili, swali la kwanza la kuuliza ni umri wa juu wa kujiunga, na la pili ni namna wanavyoutendea ugonjwa uliokuwa nao kabla, maana kwa mwenye kisukari mkataba wa bei nafuu usiolipia kisukari haukusaidii kitu. Usinunue kwa simu. Omba kusoma mkataba.

Kuhusu Advantage, baadhi ya mipango hutoa dharura za nje na mingine haitoi, na kila mmoja una kiwango chake. Lakini kuna jambo ambalo mawakala hawalitaji mpaka waulizwe: mtu anayekaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi sita mfululizo kwa kawaida huondolewa katika mpango. Miezi mitano iko ndani ya kikomo, ila ndege ikiahirishwa au msiba ukitokea, miezi mitano hugeuka saba bila mtu kupanga. Medigap haina sharti hilo; ukilipa ada yako, kampuni haiwezi kuuvunja mkataba kwa sababu ya ugonjwa wala kwa sababu ulikuwa Tanga.

Insulini yako nayo uipange mapema. Zungumza na famasia wiki kadhaa kabla ya safari kuhusu kupewa dawa za miezi mitatu kwa mpigo, na ujue ni wapi Tanga utapata aina hiyohiyo zitakapokwisha.

Binti_Maryland (7 Septemba 2025)

Nawasalimu wote. Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini naomba tusiwatie hofu watu ambao dola 142 kwa mwezi hawana kabisa. Zaidi ya nusu ya watu walio katika Medicare sasa wako kwenye Advantage, na si wote waliodanganywa. Mjomba wangu ana mpango wa aina hiyo kwa miaka sita. Madaktari wake wote wamo katika mtandao, hospitali iko umbali wa dakika kumi kutoka kwake, hasafiri, na meno aliyotengenezewa kupitia mpango huo asingeweza kuyalipia kwa mfuko wake. Kwa mtu wa hali yake, kulipa Medigap na kushindwa kununua chakula kizuri cha mgonjwa wa kisukari kungekuwa kosa.

Tena kuna kundi la tatu ambalo hamjalitaja. Mwenye kipato kidogo aulize kwanza ofisi ya jimbo lake kuhusu Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na kuhusu programu za kuwasaidia watu kulipia Medicare. Anayestahiki kiwango cha juu cha msaada huo hulipiwa ada ya Sehemu B pamoja na michango ya matibabu, na watoa huduma wa Medicare hawaruhusiwi kumdai kile ambacho Medicare haikulipa. Mtu wa aina hiyo kwa kawaida hana haja ya Medigap, na kumuuzia mwenye Medicaid mkataba wa Medigap kwa sehemu kubwa kumekatazwa na sheria. Kuna pia msaada wa dawa uitwao Extra Help, ambao watu wetu wengi hawauombi kwa sababu hawajawahi kuusikia.

Naongeza jambo kwa wale waliowaleta wazazi wao wakiwa watu wazima, kama nilivyomleta mama yangu. Mzazi ambaye hakufanya kazi hapa, na ambaye hana mwenzi mwenye rekodi ya kazi, anaweza kununua Medicare akiwa na miaka 65 iwapo ana ukaaji wa kudumu na ameishi hapa miaka mitano mfululizo. Sehemu A peke yake mwaka huu wa 2025 ni dola 518 kwa mwezi kwa asiye na robo 30 za kazi (mwaka mmoja wa kazi huhesabiwa hadi robo nne), na dola 285 kwa mwenye robo 30 hadi 39. Medigap inadai uwe na A na B zote mbili. Kwa mama yangu hesabu hiyo haikuwezekana, na njia yetu ikawa Medicaid.

Mpwani_Houston (9 Septemba 2025)

Nashukuruni sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Mke wangu na mimi tumesoma majibu yote jioni ya jana, na habari ya siku 60 imetufanya tuipange upya safari: badala ya kwenda mara moja kwa miezi mitano, huenda tukaenda mara mbili kwa miezi miwili pungufu.

Lakini limezuka jambo ambalo sikulitaja mwanzoni. Nilikuwa nimekusudia kuacha kazi Desemba, ila bima ya kazini ndiyo inayomlinda mke wangu, na nilidhani nikiingia Medicare yeye atafuata kwenye kadi yangu, kama ilivyo katika bima tulizozoea nyumbani ambapo kadi ya mfanyakazi humbeba mwenzi na watoto. Sasa nimeelewa kwamba Medicare ni ya mtu mmoja mmoja na yeye hataipata kabla ya miaka 65. Kwa hiyo nafikiria kufanya kazi hadi mwisho wa Juni 2026. Mwajiri wangu ana wafanyakazi zaidi ya mia mbili. Je, jambo hili linabadilisha ushauri?

Muuguzi_Mstaafu (9 Septemba 2025)

Linaubadilisha kabisa, kaka, na nimefurahi umelisema kabla hujatia saini kitu. Naomba uyasome upya maelezo yangu ya tarehe ukiwa na haya mkononi.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, bima yake ndiyo hulipa kwanza maadamu wewe bado uko kazini, na sheria inakuruhusu kuahirisha Sehemu B bila adhabu. Ukiandikisha Sehemu B Desemba hii kwa woga wa kuchelewa, utalipa dola 185 na zaidi kila mwezi kwa kitu ambacho hukihitaji sana, na, jambo baya kuliko hilo, ile miezi sita ya Medigap itaanza kuhesabiwa Desemba na kuisha mwisho wa Mei, wakati wewe ungali kazini. Utastaafu Juni ukiwa na insulini mkononi na dirisha limeshafungwa. Ukiahirisha Sehemu B hadi 1 Julai 2026, miezi sita itaanza Julai na kwenda hadi mwisho wa Desemba 2026, na kampuni zitalazimika kukupokea.

Sehemu A unaweza kuichukua Desemba kwa kuwa haina ada, isipokuwa kama una akaunti ya akiba ya matibabu isiyotozwa kodi kupitia kazini. Ukiwa na Sehemu A huruhusiwi kuendelea kuweka fedha humo, na Sehemu A inapoombwa baada ya miaka 65 inaweza kurudi nyuma hadi miezi sita. Waulize ofisi ya rasilimali watu kama mpango wako ni wa aina hiyo.

Ukiacha kazi, una miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B bila adhabu, lakini usiisubiri iishe. Kuna watu wanaochukua bima ya kuendelea na mpango wa mwajiri wa zamani kwa kulipia wenyewe, ile iitwayo COBRA, wakidhani inawalinda sawa na bima ya kazini. Kwa ajili ya Sehemu B haihesabiki hivyo, na wapo waliogundua baada ya miezi minane kupita. Sehemu D nayo usiiache wazi siku 63 au zaidi mfululizo baada ya bima ya dawa ya kazini kukoma, kwa sababu ina adhabu yake ya asilimia moja kwa kila mwezi.

Nirekebishe pia nilichosema kuhusu haki ya majaribio ya miezi kumi na miwili. Haki hiyo ni ya mtu aliyejiunga na Advantage pale alipostahiki mara ya kwanza akiwa na miaka 65. Wewe ukianza Julai, ukiwa umeahirisha, usiitegemee. Uamuzi wako wa Julai uuchukue kama wa mwisho.

Mkeo, bima ya kazini itakapokoma, atakuwa na siku 60 za kujiandikisha katika soko la bima la serikali, HealthCare.gov, ambalo Texas inalitumia. Mlinganishe gharama hiyo na COBRA kwa ajili yake peke yake, na mlifanye hilo Mei, si Julai.

Na kabla ya yote, mpigie mshauri wa jimbo. Kila jimbo lina programu ya ushauri wa Medicare isiyotoza chochote. Kwa Texas inaitwa HICAP. Wakala hulipwa kamisheni na kampuni, na anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mshauri wa HICAP hana cha kukuuzia. Mwombe akukalie na orodha ya dawa zako na majina ya madaktari wako, na akufanyie hesabu ya njia zote mbili kwa mwaka wa uzima na kwa mwaka wa kulazwa.

Safari_ya_Kilindini (10 Septemba 2025)

Niongeze neno moja la fomu, kwa sababu liliwahi kunichelewesha. Utakapoandikisha Sehemu B baada ya kuacha kazi, ofisi ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), inayowaandikisha watu Medicare, itataka fomu mbili: CMS-40B, ambayo unajaza wewe, na CMS-L564, ambayo mwajiri anathibitisha kwamba ulikuwa na bima ya kazini. Mimi niliiomba hii ya pili baada ya kuondoka, ofisi ikawa imehamishia kumbukumbu kwa kampuni nyingine, na nikakaa wiki saba nikipiga simu. Ombi lako lipeleke mapema masika, ili Sehemu B ianze siku ileile ambayo bima ya kazini inakoma.

Mpwani_Houston (10 Septemba 2025)

Nimeongea leo asubuhi na ofisi ya rasilimali watu. Akaunti ya akiba ya matibabu sina, kwa hiyo Sehemu A nitaichukua Desemba na Sehemu B nitaiacha hadi Julai. Wamenieleza kwamba fomu ya L564 huijaza wenyewe ndani ya siku kumi za kazi nikiiomba kwa maandishi, na nimeshaandika tarehe 1 Aprili kwenye kalenda ya jikoni kuwa siku ya kuiomba. HICAP wamenipa miadi ya tarehe 24 mwezi huu. Yule wakala nimemwomba aniandikie kama anauza pia Medigap, na kama anauza, anipe bei ya Mpango G na ya Mpango N za kampuni tatu pamoja na namna zinavyopanda. Majibu yake nitayaleta hapa, ili mwenye uzoefu anisaidie kuyasoma.